Barua ya Luwum, Jeshi la Nyerere

Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua kumlalamikia mauaji, watu kupotezwa na askari ambao hakuna aliyethubutu kuwauliza. Siku chache baadaye, tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Serikali ilitangaza ajali ya gari, lakini waliofanikiwa kuuona mwili wake waliona matundu ya risasi. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Mwezi Novemba Julius Nyerere alisimama akaliambia taifa kwamba kumpiga mvamizi huyo Tanzania inayo sababu, inayo nia na inao uwezo. Aprili 11, 1979, Kampala ilianguka.

Wakristo wawili, dhalimu mmoja. Luwum alikuwa mlokole aliyeokoka mwaka 1948. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey mjini London pamoja na wafiadini wengine wa karne ya 20, na Uganda imeifanya siku ya kifo chake kuwa sikukuu. Kwa upande wa Nyerere, jimbo la Musoma lilifungua mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Makanisa yanawaheshimu wote wawili. Ni nadra kusikia mahubiri yanayouliza imewezekanaje kumheshimu wa barua na wa jeshi kwa pamoja.

Jibu la haraka linajulikana: mmoja alikuwa mchungaji, mwingine amiri jeshi mkuu, na kila mtu ana wito wake. Ni jibu la zamani na lina uzito. Hata hivyo linatupumzisha mapema mno. Ukristo una mafundisho mawili makubwa kuhusu vita, la kukataa silaha kabisa na lile la vita vya haki, na yote mawili ni magumu kuyaishi. Ndiyo maana Wakristo wengi, kwa karne nyingi, wamefuata la tatu ambalo halimo katika katekisimu yoyote: vita ni vya haki vikiwa vyetu. Ugomvi wa kweli, kwa maoni yangu, uko kati ya hayo mawili ya kwanza na hilo la tatu.

Maandiko yenyewe hayakufunga mjadala. Yesu wa Mathayo 5 anafundisha kumpenda adui na kugeuza shavu, na usiku wa kukamatwa kwake anamwamuru Petro arudishe upanga alani. Lakini Yohana Mbatizaji, alipoulizwa na askari wafanye nini, aliwakataza dhuluma na kuwataka waridhike na mishahara yao. Hakuwaambia waache kazi. Akida Kornelio alibatizwa, na Matendo ya Mitume hayasemi alijiuzulu. Paulo, katika Warumi 13, anaupa utawala upanga, mara tu baada ya kuwakataza waumini kisasi katika sura ya 12. Anayetaka aya ya kumtetea ataipata, awe askari au mpinga vita.

Kanisa la karne tatu za mwanzo lilielemea upande wa kukataa, na hapa msomaji wa Kiafrika ana sababu ya kukaa vizuri kitini, kwa sababu mjadala huu ulichemka Afrika kabla ya kufika mbali Ulaya. Tertuliano wa Karthago alihoji kama Mkristo anaweza kuvaa taji la kijeshi. Orijeni wa Aleksandria alimjibu Kelso, aliyewalaumu Wakristo kwa kutomsaidia Kaisari, kwamba wao humpigania kwa sala. Mwaka 295 huko Theveste, katika Algeria ya leo, kijana Maximilian aliitwa jeshini, naye mwana wa askari mstaafu, akakataa kwa sababu ni Mkristo, akakatwa kichwa. Mwaka 298 akida Marcellus alivua mkanda wake wa kijeshi mbele ya watu huko Tangier, akauawa. Wanahistoria wanabishana kama watu hawa walikimbia kumwaga damu au kuabudu sanamu za jeshi la Roma. Nadhani yalikuwa yote mawili, maana kambini mambo hayo hayakutenganishwa. Tukumbuke pia kwamba wakati huohuo walikuwapo Wakristo waliobaki jeshini, na kanisa halikuwafukuza wote.

Kisha akaja Konstantino, Kaisari aliyeukubali Ukristo. Mwaka 416 Kaisari Theodosio wa Pili aliagiza kwamba asiye Mkristo asiwe askari. Kutoka Maximilian hadi amri hiyo ni miaka 121 tu. Kanisa lililochinjiwa mtoto wake kwa kukataa upanga likawa ndilo pekee lenye ruhusa ya kuushika.

Aliyepewa kazi ya kulifikiria jambo hilo ni Mwafrika mwingine, Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430 Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Agostino hakuandika kitabu maalumu cha vita; mawazo yake yametawanyika katika barua na majibu kwa wapinzani. Kiini chake ni hiki: kumtetea jirani asiye na hatia kwa nguvu kunaweza kuwa tendo la upendo, mradi lifanywe na mwenye mamlaka na lifanywe kwa huzuni. Kwake ubaya mkuu wa vita ni tamaa ya kudhuru na ukatili wa kisasi, kuliko hata kifo chenyewe. Tena alikuwa na mashaka na mtu binafsi anayeua ili kujiokoa mwenyewe, jambo ambalo wanaomtaja leo hulisahau.

Kwa muda mrefu huzuni hiyo ilikuwa na utaratibu. Basili Mkuu, katika karne ya 4, alishauri walioua vitani wakae miaka mitatu bila komunyo, ingawa hakuwahesabu kuwa wauaji. Maaskofu wa Normandy waliwapa askari wao wenyewe, walioshinda Hastings mwaka 1066, toba ya mwaka mmoja kwa kila mtu waliyemuua. Fikiria jeshi linarudi na ushindi, na kanisa lao linawapokea kwa kitubio! Lakini haikupita miaka thelathini. Mwaka 1095, mjini Clermont, Papa Urbano wa Pili aliwatangazia watu kwamba safari ya silaha kwenda Yerusalemu itahesabiwa kuwa toba yenyewe. Kilichohitaji kutubiwa kikawa ndiyo toba. Mafundisho ya vita vya haki yaliundwa yawe breki. Tangu hapo mara nyingi yametumika kama honi.

Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliyapanga upya kwa masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Waliomfuata wakaongeza kwamba vita viwe njia ya mwisho, pawe na tumaini la kushinda, madhara yasizidi uovu unaozuiwa, na raia wasilengwe. Hotuba ya Nyerere haikuwa somo la teolojia, lakini sababu na nia ni masharti ya Tomaso, na uwezo ni lile tumaini la kushinda lililoongezwa baadaye. Basi tuitendee Kagera haki kwa kuipima.

Sababu haina ubishi: ardhi ilivamiwa, watu wakauawa, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Mamlaka hayana ubishi pia. Ugumu unaanza mpakani. Baada ya kumtoa mvamizi, kwa nini kuendelea hadi Kampala? Ndani ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika wapo walionung'unika kwamba nchi moja imeiangusha serikali ya nyingine. Utetezi upo, tena wenye nguvu: mtawala aliyewaua raia wake kwa maelfu na kumuua askofu mkuu angeachwa mpakani angerudi. Naukubali, nikijua kwamba sababu ilishabadilika njiani, kutoka kujilinda hadi kumwondoa mtawala. Nisichoweza kukikubali ni Masaka na Mbarara. Majeshi yetu yalipofika huko mwanzoni mwa 1979, sehemu kubwa za miji hiyo zilibomolewa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Hapo nia, kwa kipimo cha Agostino, ilianguka. Vita vilevile vikawa na sehemu iliyopita mtihani na sehemu iliyofeli, nasi huviadhimisha vyote kwa wimbo mmoja. Kipimo hiki kina faida hiyo: kinamruhusu mtu kumheshimu kiongozi na bado akaisema Masaka.

Upande wa pili nao una ukoo wake. Matengenezo ya karne ya 16 hayakubadili sana msimamo wa wengi. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Walutheri wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanalo hadi leo, linaruhusu Mkristo kupigana vita vya haki na linawalaani Waanabaptisti waliofikiri vingine. Ibara ya 37 ya zile 39 za Waanglikana inaruhusu kubeba silaha kwa amri ya mtawala. Waanabaptisti, kupitia ungamo lao la Schleitheim la 1527, waliukataa upanga, na mwandishi wake Michael Sattler akauawa mwaka huohuo. Waliomuua walikuwa Wakatoliki, lakini Walutheri na wafuasi wa Zwingli nao hawakuwahurumia ndugu zake. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliomba msamaha kwa Wamennonite, wajukuu wa mateso hayo, mjini Stuttgart mwaka 2010. Karibu miaka mia tano.

Mbegu hiyo imepandwa kwetu zaidi ya tunavyodhani. Marafiki, yaani Waquaker, waliomtangazia mfalme wa Uingereza mwaka 1660 kwamba hawatapigana kwa ajili ya yeyote, walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko zote duniani. Wamennonite walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934. Wengi huwajua kwa shule na hospitali. Fundisho lao la amani halijawa mjadala wa kitaifa, na hiyo ni hasara yetu.

Vita kuu ya kwanza ilileta swali hapa bila kubisha hodi. Waafrika kwa maelfu mengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, Frank Weston, aliunda kikosi cha wapagazi na kukiongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja. Nia yake, inaonekana, ilikuwa kuwalinda watu wake na uonevu wa maafisa, na baada ya vita alipambana hadharani na Waingereza juu ya kazi za kulazimishwa nchini Kenya. Hata hivyo askofu mwenye cheo cha meja ni picha inayotuonyesha kanisa la wakati ule lilisimama wapi.

Kusini mwa Ziwa Nyasa, katika Nyasaland, Malawi ya leo, mchungaji wa Kibaptisti John Chilembwe aliandika gazetini Novemba 1914 akihoji kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usio wao, wakati matajiri na wenye mashamba wamekaa. Ni mojawapo ya barua nzuri za kupinga vita zilizowahi kuandikwa Afrika. Haikujibiwa. Januari 1915 mwandishi huyohuyo aliongoza uasi wenye silaha, na mapema Februari akapigwa risasi. Wanaomsifu kama mpigania uhuru huiruka barua, na wanaomlaumu kwa damu huruka ukimya ulioifuata. Mtu hawezi kumwelewa bila vyote viwili.

Ushahidi mgumu zaidi wa kukataa silaha katika eneo letu, kwa kadiri ninavyouona, ni wa Walokole wa Kikuyu wakati wa Mau Mau. Walikataa kiapo cha wapiganaji, kwa kuwa walisema wameshakunywa damu ya Kristo na hawatakunywa nyingine. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, wasitake kuingia katika kikosi cha walinzi wa nyumbani. Wapiganaji wakawaona vibaraka, serikali ikawaona wakaidi, na baadhi yao waliuawa. Mzalendo anaweza kuuliza, na ana haki: kukataa bunduki ya mkoloni bila kuidai ardhi aliyoipora, je, huo ni uaminifu au ni kutojali? Walokole hawakuwa na jibu la siasa. Walikuwa na jibu la miili yao tu, na kwa watu walionyang'anywa mashamba, hilo halikutosha.

Pengo hilo ndilo lililowasumbua Wakristo wa kusini. Chifu Albert Luthuli, mhubiri mlei wa Kanisa la Congregational na rais wa ANC, alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo Desemba 10, 1961. Siku sita baadaye Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, ililipua mabomu yake ya kwanza. Kenneth Kaunda, mwana wa mchungaji na mfuasi wa Gandhi, aliishia kuwahifadhi wapiganaji Zambia na kuandika kitabu kizima akieleza kwa nini hakuweza tena kuwaambia waliokandamizwa wasipigane. Mwaka 1970 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianza kutoa fedha za misaada ya kibinadamu kwa harakati za ukombozi, FRELIMO ya Msumbiji iliyokuwa na makao Dar es Salaam ikiwamo. Makelele yaliyozuka Ulaya yalikuwa makubwa, na Jeshi la Wokovu hatimaye lilijitoa katika Baraza hilo. Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba waliogundua ghafla ubaya wa bunduki wengi walitoka katika makanisa yaliyokuwa na mapadre na wachungaji kwenye meli za kivita za nchi zao. Anayemtaka Mwafrika awe Gandhi aanze kwa kumhubiria jemadari wake mwenyewe.

Halafu ikaja Rwanda, 1994, katika nchi iliyojaa Wakristo. Watu walikimbilia makanisani wakauawa humo: Ntarama, Nyamata, Nyange. Mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani padre Athanase Seromba, na rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha kwa kanisa la Nyange lililoangushwa kwa tingatinga waumini wakiwa ndani. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ilimhukumu mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista Wasabato kifungo cha miaka 10. Kesi ya pili inanisumbua kuliko ya kwanza. Wasabato tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wamekuwa na desturi ya kutobeba silaha. Shujaa wao Desmond Doss alipewa nishani kuu ya Marekani mwaka 1945 kwa kuokoa majeruhi Okinawa bila kushika bunduki. Fundisho zuri lilikuwapo. Halikumzuia kiongozi wa kanisa asiwasaidie wauaji, maana lilikuwa limefundishwa kama kanuni ya kijana anapoitwa jeshini, na hakuna aliyekuwa ameitwa jeshini. Mchungaji aliitwa na kabila.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 30, 1997, waasi waliingia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Arobaini waliuawa. Seminari hiyo, katikati ya vita, ilikuwa imekaa muda mrefu ikiwazungumzisha vijana hao waziwazi juu ya ukabila, woga na chuki zilizokuwa nje ya lango. Hapo pana tofauti inayoweza kupimwa. Kilichowaimarisha si aya waliyoikariri. Walikuwa wamelijadili swali kabla halijafika na bunduki.

Mafundisho ya ngazi za juu yamesogea. Papa Yohane wa 23 katika waraka wake wa 1963 alitilia shaka kama vita vinaweza kuwa chombo cha haki katika zama za nyuklia. Papa Fransisko, katika waraka Fratelli Tutti wa 2020, alisema kwamba leo ni vigumu mno kutumia vigezo vya zamani kuhalalisha vita. Wakati huohuo Patriaki Kirill wa Moscow amevibariki vita vya Ukraine na kuwaahidi wanaokufa humo kwamba dhambi zao zinaoshwa. Clermont imerudi na kamera za televisheni. Jirani zaidi, waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025, maaskofu Wakatoliki na viongozi wa Kiprotestanti wa Kongo walisafiri kuonana na pande zote, waasi wakiwamo, na kukutana huko kuliwaudhi baadhi ya wakubwa wa Kinshasa. Wanaofanya hivyo huitwa wasaliti kila mahali. Ni dalili nzuri kwamba wanafanya kazi yao.

Simwombi kila Mkristo awe Maximilian, na mimi mwenyewe sina uhakika kwamba barua ya Luwum ingeweza kumtoa Amin Kagera. Lakini atakayesema anaamini vita vya haki atuonyeshe vita vya nchi yake ambavyo kanisa lake liliwahi kuvikataa. Askari wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011. Wa Tanzania wamekuwa mashariki mwa Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa tangu 2013, na Desemba 2017 zaidi ya kumi waliuawa katika shambulio moja huko Kivu Kaskazini. Wa Uganda wamevuka mipaka mara nyingi zaidi ya hao. Huenda sehemu kubwa ya safari hizo ingepita mtihani wa Tomaso. Basi maaskofu na wachungaji waufanye mtihani huo hadharani, kabla ya vikosi kuondoka, na waumini wawadai matokeo.